Somo la Ufundi: Kipimajoto cha Giaboksi

Leo twatazama gari la haibridi, lenye injini na mota ya umeme. Taa ya hatari ikiwaka, usikimbilie kununua giaboksi mpya. Kwanza soma kipimajoto chake kwa mashine ya hitilafu. Gari likilala usiku kucha, joto la giaboksi hukaribia joto la hewa.

Kipimajoto hiki, kadiri kipoavyo ndivyo kizuiavyo umeme. Basi waya ukikatika, mashine hudhani pana baridi kali, ikaonyesha hata digrii 40 chini ya sifuri. Nyaya zikigusana, hudhani pana moto. Chunguza plagi na nyaya zake.

Lakini nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse. Umeme wake huua.