Mgeni njoo, mwenyeji apone



Mpendwa msomaji, tukisikia mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:30-37), wengi tunakumbuka mafuta, divai na punda. Kuna jambo moja tunalipita haraka. Kabla ya kuondoka, Msamaria alimwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba atarudi, na gharama yoyote itakayozidi atailipa. Huruma yake haikuishia njiani. Ilikuwa na ahadi ya kurudi.

Vyuo vikuu siku hizi vinazungumza sana juu ya wajibu wao kwa jamii. Wanafunzi hupanda miti, hufagia hospitali, hupeleka sabuni na sukari kwa yatima, hupiga picha, kisha basi huondoka. Hayo ni mema, tusiyadharau. Lakini tujiulize: nani hurudi?

Tutazame Korogwe. Kati ya mwaka 2009 na 2014, chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Kwa Tanzania vituo vilikuwa viwili, Bagamoyo na Korogwe. Taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, ilifanya kazi Korogwe pamoja na wataalamu wa vyuo vikuu vya ndani na nje ya nchi. Tarehe 6 Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wanaoishi penye malaria nyingi.

Nyuma ya habari hiyo kubwa wapo akina mama waliobeba watoto mgongoni, wakakubali wachomwe sindano na kutolewa damu, tena bila hakika ya matokeo. Profesa alitoa elimu yake. Mama alitoa mwanawe. Ni nani aliyetoa zaidi?

Kwa hiyo chuo kinachokwenda kijijini hakiendi kama tajiri kwa maskini. Kinakwenda pia kukopa. Mwanafunzi anayeketi kwenye mkeka wa mama wa Kizigua au wa Kisambaa, akamwuliza amezika watoto wangapi, hujifunza somo ambalo halimo darasani. Akilipokea vizuri, atakuwa daktari anayesikiliza kabla ya kuandika dawa. Akilipokea vibaya, atapata shahada, na yule mama atabaki kuwa namba kwenye jedwali.

Ndugu zetu wa Handeni wanalielewa hili kwa maji. Maji ya Mto Pangani husukumwa kwa bomba kutoka Korogwe hadi kwao. Pampu ikisimama, ndoo hupanga foleni. Elimu nayo ni bomba: kijiji kinauza mahindi na mbuzi ili kijana mmoja afike chuoni. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kingine. Asiporudi, alisema, ni msaliti.

Kurudi si lazima kuwe kwa gharama kubwa. Mtafiti arudi kwenye mkutano wa kijiji, aeleze kwa Kiswahili alichokiona, aulizwe maswali. Tasnifu inayohusu zahanati isomwe pia na mganga wa zahanati hiyo. Na sisi waamini tusikae kimya. Jumuiya ndogondogo zinaweza kumwuliza kila mgeni mwenye dodoso: majibu utatuletea lini? Wazazi nao, siku ya mahafali, pamoja na kuuliza juu ya kazi na mshahara, wamwulize mtoto wao amemfaa nani.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akipona peke yake, mwenyeji akabaki na homa yake, ugeni huo haukuwa wa Msamaria.

Bwana awajalie wasomi wetu moyo wa kukumbuka njia ya kurudi. Nawatakieni Dominika njema.