Mkanda wa Mulligan na enka isiyokunjika

Ukiwatazama kwa mbali, utadhani mtaalamu wa viungo amejifunga na mgonjwa wake asije akatoroka. Mkanda mpana umezunguka nyonga za mtaalamu, ukapita nyuma ya mguu wa mgonjwa, juu kidogo ya kifundo. Mgonjwa amesimama, mguu wenye tatizo ukiwa juu ya stuli. Mtaalamu anaukandamiza kwa kiganja mfupa wa talasi, ule unaobeba muundi, kisha anaegemea nyuma taratibu ili mkanda uvute muundi mbele. Hapo mgonjwa mwenyewe anakunja goti, analipeleka mbele ya vidole, anarudi, anarudia.

Mbinu hii ni ya Brian Mulligan wa New Zealand. Miaka ya 1980 alimtibu mgonjwa mwenye kidole kilichogoma kukunjika. Kukivuta hakukusaidia. Alipokisukuma kiungo upande na kumwambia akunje, kidole kikakunjika bila maumivu.

Tangu hapo sharti kuu la Mulligan ni hili: isiume. Ikiuma, mwenye kujirekebisha ni mtibu: ahamishe mkono, abadili mwelekeo, apunguze nguvu. Nafuu nayo ionekane papo hapo; isipoonekana, mbinu hiyo haimfai mgonjwa huyo. Kwetu sisi tuliolelewa kuamini kwamba enka haiponi bila kuchuliwa hadi machozi yatoke, haya ni mageni.

Waliowahi kuteguka wanaijua shida yenyewe. Uvimbe ulikwisha zamani, lakini ukichuchumaa kisigino kinanyanyuka, na kushuka ngazi ni karaha. Kipimo chake hakihitaji mashine: kisigino kikiwa chini, goti liguse ukuta, kisha usogeze mguu nyuma hadi lisifike. Pima umbali wa kidole gumba na ukuta, ulinganishe miguu yote miwili.

Mulligan aliamini kwamba jeraha huacha mifupa imehama kidogo mno. Wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2004 watafiti wa Australia, Natalie Collins na wenzake, waliona enka zilizoteguka zikikunjika zaidi mara baada ya tiba hii, lakini vipimo vya maumivu ya kubonyezwa na ya joto havikubadilika. Basi kilicholegea ni nini? Mfupa ulirudi mahali pake, au mwili uliacha kujihami? Na mgonjwa akirudi kwenye shughuli zake bila mkanda, nafuu hiyo itadumu hadi lini?