Kituo cha Angani na Wakimbizi Milioni 3



Vijana wetu wanapenda filamu za angani. Wazazi wengi tunaona ni upuuzi tu: vyombo vinaruka, watu wana masikio ya ajabu, basi. Lakini mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya tamthilia moja ya namna hiyo, maana ndani yake tumo na sisi.

Inaitwa Star Trek: Deep Space Nine. Ni ya Marekani, na ilionyeshwa kwenye televisheni toka 1993 hadi 1999. Mambo yake yanatokea kwenye kituo kinachoelea angani karibu na sayari ya Bajor. Mkuu wa kituo ni Benjamin Sisko, baba aliyefiwa na mke, anamlea mwanawe Jake. Anaigizwa na Avery Brooks, Mmarekani mweusi. Daktari wa kituo anaigizwa na Alexander Siddig, mzaliwa wa Sudan.

Kituo hicho kilijengwa na Wakardasia, watu walioitawala Bajor kwa mabavu miaka 50. Wabajor walifanyishwa kazi humo kama watumwa. Hadithi inapoanza, watawala wameshaondoka na nchi imebaki maskini. Msaidizi wa Sisko ni mwanamke wa Kibajor, Kira Nerys. Utotoni aliishi kambi ya wakimbizi, kisha akapigania uhuru wa nchi yake.

Sehemu inayotugusa ni ya mwaka 1993. Chombo kibovu kinafika kituoni na watu wanne wa kabila la Wasikri. Lugha yao haijulikani. Hata mashine ya kutafsiri inashindwa, mpaka wazungumze sana ndipo izoee. Nani kati yetu hajui adha ya kusimama mbele ya ofisa bila mkalimani?

Wakishaelewana, mama mmoja aitwaye Haneek anaeleza kwamba nyuma yao wanakuja wenzao milioni 3. Nerys anampokea kama ndugu. Kituo kinajaa. Wenye maduka wanaanza kunung'unika, eti ngozi za wageni zinabanduka na kuchafua sakafu.

Wasikri ni wakulima. Wanaamini Bajor ndiyo nchi waliyoahidiwa na wahenga wao, na wanaomba eneo lenye njaa ambalo Wabajor wenyewe hawalilimi. Serikali ya Bajor inakataa: chakula hakitoshi, na mavuno yakishindikana nani atawalisha? Wanaonyeshwa sayari nyingine yenye rutuba. Kwa lugha ya kambini tungesema wamepewa nchi ya tatu. Nerys naye anaunga mkono serikali yake. Kijana wa Haneek anakataa, anachukua chombo kibovu kwenda Bajor kwa nguvu, na anakufa kwenye mapambano.

Mwisho Haneek anamwambia Nerys kwamba miaka 50 ya kutawaliwa imewatia Wabajor woga na wasiwasi, kumbe wakulima wale wangeweza kuwasaidia kumaliza njaa.

Jamani, tusikimbilie kumlaumu Nerys. Njaa ya Bajor ilikuwa ya kweli, na mwenyeji mwenye watoto wenye njaa ana haki ya kuogopa. Lakini Wabajor walihesabu midomo milioni 3 wakasahau kuhesabu mikono. Na kinachouma zaidi, aliyesema hapana ni mtu aliyewahi kukaa kambini.

Hapo ndipo swali linapotugeukia sisi. Warundi walikimbilia Tanzania mwaka 1972 na tena 1993, na Burundi hiyohiyo imewapokea Wakongo waliokimbia vita kwao. Mgeni wa leo ni mwenyeji wa kesho. Siku tukirudi nyumbani, au tukipata makao kwingine, atakuja mwingine na mzigo kichwani. Tutamwambiaje?

Wazazi, tunaomba jioni moja mwezi huu muwasimulie watoto habari ya Haneek na Nerys. Muwaulize: wewe ungekuwa Nerys, ungefanyaje? Wengine watasema mgeni apewe shamba, wengine watasema wenyeji washibe kwanza. Waacheni wabishane. Watoto wanaobishana leo juu ya kumpokea mgeni ndio watakaofungua au kufunga mlango kesho.

Tukutane toleo lijalo.