Simu ya Usiku ya Daktari Mtarajali

Ukilazwa hospitali ya rufaa nchini Tanzania, huenda daktari wa kwanza kukupima akawa mtarajali. Usimhofu wala usimdharau. Amemaliza miaka mitano ya shahada ya udaktari, Baraza la Madaktari Tanganyika limemsajili kwa muda, na sasa anatumikia mwaka mmoja chini ya mabingwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Elimu anayo. Asichonacho bado ni mazoea ya kukabili hatari.

Chuoni alifundishwa kueleza habari za mgonjwa kwa mpangilio: jina, umri, makazi, shida iliyomleta, ilianza lini. Ndiyo maana anakuuliza yale yale uliyokwisha kuulizwa na muuguzi. (Mjibu tu, mara nyingi jambo la maana hukumbukwa mara ya tatu.) Lakini saa nane za usiku, leba, mama aliyejifungua anapoendelea kuvuja damu, mpangilio huo hugeuka kikwazo. Mtarajali akimpigia bingwa na kuanza na umri wa mama na idadi ya mimba zake, dakika zinapotea. Simu nzuri huanza na hatari: "Mama anatokwa damu nyingi baada ya kujifungua, presha 70 kwa 40, oksitosini ameshapata, kizazi bado kimelegea. Naomba uje." Katika uzazi wa kawaida, nusu lita ya damu tayari ni tatizo, na ikishanyonywa na mashuka huonekana kidogo kuliko ilivyo.

Kinachowashinda wengi ni kusema hilo la mwisho, naomba uje. Kijana aliyezoea kuongoza darasani huona aibu kuita msaada, basi hujaribu hiki, kisha kile. Mimi ninayewasimamia namwogopa huyo kuliko anayeniamsha bure. Na lawama si yake peke yake: bingwa anayefoka akipigiwa simu usiku anafundisha watu kunyamaza.

Wodi ya watoto ina mtego wake, nao ni hesabu. Sindano ya atesuneti ya malaria kali ni miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito, ila mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo. Aliyekesha zamu hudhani mdogo apate kidogo, akakosea. Dawa yake ni kumpima mtoto kwenye mizani badala ya kumkadiria kwa macho, kusoma mwongozo, na kumwomba muuguzi apige hesabu naye.

Wauguzi, kwa kweli, ndio walimu wa zamu. Sista mzoefu akisema, "Dokta, njoo umwone huyu," mwerevu huacha faili na kwenda, hata kama vipimo vyote vimeandikwa kuwa sawa.

Akishazoea idara moja, anahamishiwa nyingine, ugeni unaanza upya. Ukimkuta siku hiyo, muulize bingwa anayemsimamia ni nani. Una haki ya kujua, naye anapaswa kukutajia jina.