Je, wajua? Ganzi ya vidole huweza kutangulia baridi yabisi

Mtu akiamka usiku wa manane mkono umekufa ganzi, husema ameulalia. Ikijirudia kila usiku, ahesabu vidole. Ganzi ikishika gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, kidole kidogo kikabaki salama, basi yaelekea neva ya kati imebanwa kwenye njia yake ndani ya kifundo cha mkono. Kidole kidogo kina neva yake, nayo haipiti njia hiyo.

Je, wajua njia yenyewe ni finyu kiasi gani? Humo hupita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva hiyo. Chini na kando kuna mifupa. Juu, upande wa kiganja, umetandazwa ukano mgumu usiotanuka. Chochote kikivimba humo, neva ndiyo inayoumia.

Baridi yabisi ya rumatoidi, ile ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, huleta uvimbe huo. Kano zimevikwa ala yenye utando wa aina ileile iliyomo ndani ya viungo, kwa hiyo ugonjwa unaovimbisha viungo huvimbisha na ala. Wapo wagonjwa ambao ganzi ndiyo dalili yao ya kwanza, viungo vikiwa bado havijaonyesha kitu. Hao ndio ninaowahofia zaidi: wanachuliwa mkono miezi na miezi, huku msuli ulio chini ya gumba ukinywea, hadi kufunga kifungo cha shati kunawashinda.

Daktari wa upasuaji wa Marekani, George Phalen, alieneza kipimo kisichohitaji mashine. Kunja vifundo, migongo ya mikono igusane, vidole vitazame chini, ukae hivyo dakika 1. Ganzi ikija, nenda hospitali.

Kisukari, ujauzito na tezi ya shingo iliyolegea kazi huweza pia kuibana neva hii, hivyo vipimo ni lazima. Ikithibitika ni rumatoidi, bandeji ngumu ya kunyoosha kifundo usiku husaidia, lakini haitoshi. Ugonjwa wenyewe lazima utulizwe kwa dawa kama methotrekseti. Ikifikia upasuaji, daktari hukata ule ukano kuipa neva nafasi, na kwa mgonjwa wa rumatoidi huenda akaondoa pia utando ulionenepa. Kwa hiyo ukienda kwa ajili ya ganzi, mweleze daktari kama viungo vyako hukakamaa asubuhi, na kwa muda gani.