Bomba Jeusi la Maji Linatengenezwaje?

Mashine ya mabomba ya plastiki hufanya kazi kama ile ya kusagia nyama. Chembe za plastiki humiminwa katika faneli. Zinaingia kwenye silinda yenye joto la digrii 200 hivi. Humo parafujo kubwa inazunguka, inazikanda na kuzisukuma mpaka ziwe uji mzito. Uji hutokea kwenye kalibu, yaani tundu linaloupa umbo la bomba. Kisha bomba hupozwa kwa maji. Weusi wake ni masizi. Hulikinga na jua.

Kabla ya kununua, someni maandishi ubavuni. Muuza duka atasema yote ni sawa. Si kweli! PN 6 huhimili maji yanayoteremka kutoka kimo cha mita 60 tu. Tangi la kijiji likiwa juu zaidi, bomba linaweza kupasuka. PN 10 hufika mita 100.