UDONGO WETU UENDAPO NA MTO

Kila masika, baada ya mvua kubwa ya usiku, mwenye shamba akiteremka bondeni asubuhi huukuta mto umegeuka rangi ya chai. Wengi wetu husema, "Ni mvua," tukapita. Lakini rangi ile ni shamba lenyewe linasafiri. Twapenda leo kuwaeleza wanachama ni kitu gani kisafiricho, kwani chatuhusu sana sisi wakulima wa karafuu.

Kila kilichopata kuwa hai, kiwe jani, mzizi au mnyama, kina ndani yake kaboni, ile nyeusi ibakiayo katika makaa. Jani la mkarafuu huivuta kutoka hewani. Likianguka na kuoza, sehemu yake hurudi hewani, na sehemu huwa mboji, ule udongo mweusi wa juu ushikao maji na kulisha mizizi. Mboji hiyo ndiyo ichukuliwayo na mvua.

Mto haubebi mzigo mmoja mwaka mzima. Wakati wa kiangazi maji hutoka chemchemini, nayo huwa safi. Jua hufika chini, utandu wa kijani ukaota juu ya mawe, na chakula kingi cha viumbe vya mtoni hupatikana humo humo. Wakati huo majani makavu yanalundikana shambani na mitaroni. Ijapo mvua kubwa ya kwanza, huyazoa yote kwa mara moja. Masika yakikolea, huja zamu ya udongo wa miteremkoni.

Wataalamu wana njia ya kujua tope limetoka wapi. Kaboni iko nyepesi, na iko nzito kidogo, ambayo ni kama sehemu 1 tu katika 100. Mahindi, mtama, miwa na nyasi nyingi za nchi za joto huwa na ile nzito zaidi kuliko miti kama mikarafuu. Kwa hiyo tope likipimwa, hujulikana kama asili yake ni mitini au makondeni. Njia hii imetumika katika Mto Tana, nchini Kenya, ambako pia bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981, hunasa tope jingi kabla ya kufika pwani.

Basi misimu ina kazi yake, na mkono wa binadamu una yake. Anayefyeka hadi ukingoni mwa mto, anayechoma majani, na anayelima muhogo kwa kufuata mteremko, wote huiongezea mvua nguvu. Naye atupaye makumbi na samadi mtoni hudhuru kwa njia nyingine: vijidudu viozeshavyo taka hizo hutumia hewa iliyomo majini, samaki na kamba wakakosa pumzi.

Wala tusiseme bahari itapokea. Mito ya visiwani ni mifupi. Tope la shambani leo liko mikokoni kesho. Mikoko hulinasa, lakini likizidi hufukia mizizi yake ya kupumulia.

Twajua kwamba wakati wa kuchuma hapana budi chini ya mti pawe peupe, ili karafuu zilizoanguka zipate kuokotwa. Na pafagiliwe. Lakini majani yasichomwe. Yawekwe kando, na uchumaji ukiisha yarudishwe shinani, maana mara nyingi mvua za vuli hutukuta tungali juu ya mikarafuu, na udongo uko wazi. Ukingoni mwa mto tuache ukanda wa miti na majani. Makumbi na samadi viende katika shimo la mbolea.

Mkarafuu huweza kuishi kuliko aliyeupanda. Tutakaowaachia mti, tuwaachie na udongo wake.